Darasa la Biblia kwa mambo ya nyumbani: tathmini ya mshiriki baada ya wiki nane

Naandika tathmini hii kwa ajili ya wale wanaojiuliza kama inafaa kutoa jioni ya kila Jumatano, kwa wiki nane mfululizo, ili kuhudhuria darasa la Biblia lililoandaliwa kwa watu wenye matatizo ya kawaida ya maisha, yaani madeni, ugomvi wa ndugu, malezi, kazi na ugonjwa. Nililohudhuria mimi linaendeshwa na usharika mmoja hapa Morogoro, na sitautaja jina kwa sababu washiriki tulikubaliana kutunziana siri. Ada yake ilikuwa shilingi 15,000 zilizolipia kitini na chai, na hapakuwa na sharti la kuwa msharika. Katika kundi letu la watu kumi na mmoja walikuwamo Wakatoliki wawili na dada mmoja Mpentekoste. Jibu langu ni kwamba darasa hili linafaa, hasa kwa mtu anayedaiwa, ingawa kuna kipindi kimoja ambacho naona kinapaswa kuandaliwa upya kabisa.

Nilipojiandikisha nilikuwa nalipa deni ambalo sikulikopa. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na nilikuwa nimemdhamini mwenzangu katika kikoba, yaani kikundi chetu cha kuweka na kukopa; akahama mkoa kabla ya kumaliza marejesho, na kikundi kikaanza kukata hisa zangu kama katiba yetu inavyoelekeza. Ili nisipungukiwe ada ya mtoto nikachukua mkopo wa kausha damu, ule wa mtaani wenye riba kubwa, nikaacha kadi yangu ya benki pamoja na namba ya siri mikononi mwa mkopeshaji, jambo ambalo walimu wengi wanalijua na wachache wanalisema. Nyumbani nilikuwa namuuguza mama yangu, mwenye kisukari na kidonda cha mguu kisichopona. Sikwenda darasani kutafuta elimu ya dini, kwa maana ibada sikukosa. Nilikwenda kwa sababu ibada ilikuwa inaisha saa nne asubuhi na shida zangu zilikuwa zinanisubiri getini.

Jambo la kwanza lililonipa imani na darasa hili ni namna wanavyosoma. Kila kipindi kina sura moja au mbili, zinasomwa zote, kwa sauti, kwanza katika Biblia ya Union Version, ile ya mwaka 1952 ambayo wengi wetu tumelelewa nayo, kisha katika Biblia Habari Njema, na hapo ndipo mtu yeyote anaruhusiwa kusema neno. Utaratibu huu unachosha mwanzoni, na mzee mmoja alilalamika kwamba tunapoteza muda, lakini wiki ya kwanza tu ulinionyesha jinsi nilivyokuwa nikiitumia Biblia vibaya. Tulianza na Yeremia 29, kwa sababu karibu kila mmoja wetu alikuwa na mstari wa 11 kwenye simu yake: "Maana nayajua mawazo ninayowawazia ninyi, asema BWANA, ni mawazo ya amani wala si ya mabaya." Tulipoisoma sura nzima tukakuta kwamba maneno hayo ni sehemu ya barua kwa watu waliochukuliwa mateka Babeli, kwamba mstari wa 10 unawaambia watakaa huko miaka sabini, na kwamba mstari wa 5 unawaagiza wajenge nyumba, wapande bustani na kula matunda yake. Nilikuwa nimeusoma mstari ule miaka mingi kama ahadi kwamba shida itaisha mwezi ujao. Vivyo hivyo Wafilipi 4:13, "Nayaweza mambo yote katika yeye anitiaye nguvu," maneno yaliyobandikwa kwenye daladala na bodaboda nyingi, yameandikwa na mtu aliyekuwa kifungoni, na mistari miwili iliyotangulia inazungumzia kujifunza kuridhika katika kushiba na katika kuona njaa. Mstari ule haujapungua uzito kwangu kwa kujua hayo. Umeongezeka, kwa sababu sasa unasema na mtu ambaye mambo bado hayajamnyookea.

Vipindi vya wiki ya tatu na ya nne vilihusu madeni, na hivyo peke yake vinatosha kulipia ada. Mwezeshaji alikuwa mzee wa kanisa ambaye ni mhasibu mstaafu, na hakuanza kwa kutukemea. Alianza na 2 Wafalme 4, habari ya mjane wa mmoja wa wana wa manabii, ambaye mwia wake, yaani aliyemdai, alikuwa anakuja kuwachukua wanawe wawili wawe watumwa. Nimeisikia habari hiyo ikihubiriwa mara nyingi kama habari ya muujiza wa mafuta, nayo ni kweli, lakini yeye alituomba tuangalie mambo matatu yanayouzunguka muujiza. Kwanza, Elisha anamuuliza mjane ana nini nyumbani. Pili, mjane anatumwa kwa majirani zake wote kuazima vyombo vitupu, tena si vichache, maana yake ni kwamba alilazimika kutoka nje na kugonga milango mtaani huku watu wakijua hali yake. Tatu, mafuta yalipopatikana aliambiwa auze, alipe deni, kisha yeye na wanawe waishi kwa kile kilichobaki. Deni lilitangulia, chakula kikafuata.

Kazi ya kufanya nyumbani ilifuata mambo hayo matatu. Tulitakiwa kuandika kwenye karatasi kila deni, jina la anayetudai, kiasi na tarehe. Kuandika vitu vilivyomo ndani ya nyumba vinavyoweza kufanya kazi. Na kumwambia mtu mmoja ukweli wote. Hilo la tatu lilinichukua siku tano. Mume wangu alijua habari za kikoba lakini hakujua habari za kadi ya benki, na sitaki kuandika hapa kwamba alipokea vizuri, kwa sababu hakupokea vizuri. Hata hivyo alikuwa yeye aliyeitaja cherehani ya mama, iliyokuwa imefunikwa kitambaa pembeni ya chumba tangu macho yake yalipoanza kufifia kwa sukari. Mama alinifundisha kushona nikiwa msichana. Nilianza na sare za shule za watoto wa jirani zangu wawili, na mkopo wa kausha damu niliumaliza mwezi wa nne baada ya darasa kuisha, kadi yangu ikarudi mkononi mwangu. Deni la kikoba bado nalilipa.

Kuhusu udhamini tulisoma Mithali 6, na naomba kila anayetia saini fomu za wenzake aisome kabla ya kikao kijacho cha kikundi chake. Pale mdhamini anaambiwa asiupe usingizi macho yake, aende akamsihi mwenzake, ajiponye kama paa na mkono wa mwindaji na kama ndege katika mkono wa mtega mitego. Haimwambii akae aombe mdaiwa arudi mwenyewe. Nilimtafuta yule mwenzangu kwa simu ya ndugu yake, nikampata, na ingawa hajalipa kiasi chote, ameanza kutuma kidogo kidogo.

Kilichonishangaza zaidi ni kwamba darasa halikumtwika anayekopa mzigo wote. Wiki ya nne tulisoma Nehemia 5, sura ambayo katika miaka yangu yote ya kukaa kanisani sikuwahi kuisikia ikihubiriwa. Watu wanalia kwamba wameweka rehani mashamba, mizabibu na nyumba zao ili wapate nafaka wakati wa njaa, kwamba wamekopa fedha ili kulipa kodi ya mfalme, na kwamba binti zao tayari wamekuwa watumwa. Na wanaowakandamiza ni ndugu zao wenyewe, watu wa dini moja na wajenzi wa ukuta mmoja wa Yerusalemu. Nehemia anakasirika, anashauriana na moyo wake, kisha anawagombeza wakuu mbele ya kusanyiko, naye anakiri kwamba yeye na watu wake pia wamekuwa wakikopesha. Anawataka warudishe mashamba na riba waliyotoza, siku ile ile. Mwezeshaji alisema wazi kwamba tunayo Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inayomtaka mkopeshaji awe na leseni, na kwamba Mkristo anayekopesha mtaani bila leseni huku akishikilia kadi za walimu asijifiche nyuma ya sadaka yake nono. Ukimya ulikuwa mkubwa. Natamani sura hiyo isomwe Jumapili, mimbarani, mbele ya watu wote.

Kipindi cha ugomvi wa ndugu kilijengwa juu ya Mathayo 18:15, "Na ndugu yako akikukosa, enenda ukamwonye, wewe na yeye peke yenu." Hatua ziko tatu: kwanza wawili peke yao, kisha mashahidi mmoja au wawili, na mwishoni kanisa. Mshiriki mmoja alieleza vizuri kwamba familia nyingi siku hizi zinaanza na hatua ya tatu, kwa kuandika kosa la mtu kwenye kundi la ukoo la WhatsApp kabla hajapigiwa hata simu moja. Tulipewa siku saba za kwenda kwa mtu mmoja tu, na asilimia kubwa ya kundi walikwenda. Vipindi vya malezi na kazi vilikuwa vya kawaida. Havikuwa na kosa, ila sikuondoka na jambo jipya.

Sasa niseme kuhusu kipindi cha saba, cha ugonjwa, kwa sababu kilimuumiza zaidi ya mtu mmoja. Mwezeshaji wa siku hiyo alikuwa mgeni, na badala ya kusoma sura nzima kama ilivyokuwa kawaida, alikusanya mistari ya uponyaji kutoka vitabu mbalimbali, akatuuliza kama kuna dhambi iliyofichika katika nyumba zetu inayozuia majibu. Nilifikiria kidonda cha mama yangu na nilitamani kuondoka. Darasa lililotufundisha kusoma mstari ndani ya sura yake lilipaswa kutusomea Yohana 9, ambapo wanafunzi wanauliza ni nani aliyetenda dhambi hata mtu yule akazaliwa kipofu, na Bwana anajibu kwamba si yeye wala wazazi wake. Lilipaswa kutusomea 2 Wafalme 20, ambapo Hezekia anaomba kwa machozi, anaongezewa miaka kumi na mitano, na hata hivyo Isaya anaagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu lake. Sala na dawa ziko katika sura moja, na mimi ninayeosha kidonda kila asubuhi na kumpeleka mama kliniki nilihitaji kuambiwa hivyo na watu wa imani yangu. Zaidi ya yote, Ayubu 2:13 inasema rafiki zake waliketi naye chini siku saba mchana na usiku bila kumwambia neno, kwa kuwa waliona mateso yake ni makuu mno. Walikosea walipoanza kumweleza sababu. Niliwaandikia waandaaji mambo haya kwenye fomu ya maoni, na wamejibu kwamba kipindi kitabadilishwa; nitaamini nitakapokiona.

Mapungufu mengine ni madogo. Kitini kimetolewa kopi ya kopi, hivyo kurasa za mwisho hazisomeki vizuri, na mwenye macho dhaifu atahitaji Biblia yake mwenyewe yenye herufi kubwa. Vipindi vilipangwa kuanza saa kumi na moja jioni lakini mara nyingi vilianza karibu saa kumi na mbili, jambo gumu kwa mwanamke anayetakiwa kurudi kupika. Hakuna mahali pa kuacha watoto.

Kwa yeyote anayetafuta darasa la namna hii katika usharika au parokia yake, ningeuliza maswali mawili kabla ya kulipa: kama sura zinasomwa zote, na kama kuna kazi ya kufanya nyumbani ambayo mtu ataulizwa wiki inayofuata. Ningeuliza pia nani anaongoza kipindi cha ugonjwa. Mume wangu ameomba kuandikishwa awamu ijayo, na nimemwambia aende na karatasi yetu ya madeni, ile ile, ambayo sasa ina mstari mmoja tu usiokatwa.