Gitaa la jazi ya Kijipsi: okestra nzima au watu watano?

Hapa Tabora, mji wa bendi ya Tabora Jazz, wapiga gitaa hawaishi kubishana: jazi ya Kijipsi, ile ya magitaa isiyo na ngoma, ichanganywe na okestra ya klasiki, au kikundi kidogo kinatosha?

Kwa gharama, kikundi kinashinda mapema. Kundi la mpiga gitaa Django Reinhardt na mpiga fidla Stéphane Grappelli, lililoanza Paris mwaka 1934, lilikuwa na watu watano: magitaa matatu, fidla na besi. Okestra inataka makumi ya wapigaji, kila mmoja na nota zake.

Uhondo uko kwenye mdundo. Bila ngoma, magitaa ya kusindikiza ndiyo ngoma yenyewe, na mpiga solo anabuni papo hapo. Okestra inafuata nota. Ikichelewa kidogo tu, gitaa linaburuta gogo. Lakini kwenye wimbo wa polepole, fidla na cello, ndugu yake mkubwa, zinashikilia sauti ambayo gitaa huipoteza mara waya ukishapigwa. Hapo, nakiri, sina ubishi.

Matunzo? Ukavu wa kiangazi unaweza kupasua mbao, na fidla ishirini si sawa na moja.

Mkiwa na ukumbi na wasomaji wa nota, jaribuni okestra. Mkiwa na magitaa matatu na baraza, anzeni leo jioni.