Starlink na printa ya waifai: ruta ipi inaelewana nayo, ipi inasumbua

Dishi limeshashika setilaiti, simu zinakwenda kasi, televisheni haikatiki, halafu printa inagoma. Wengi wanaohamia kwenye intaneti ya setilaiti ya Starlink na printa waliyokuwa nayo tangu zamani hukutana na hali hii, na lawama hupelekwa pasipostahili: kwa setilaiti, kwa mawingu, au kwa printa yenyewe. Hapa ruta za Starlink zinapimwa kwa jambo moja tu, nalo ni jinsi zinavyoipokea printa ya nyumbani na kuishikilia. Ziko tatu: ruta ya kizazi cha pili, iliyokuja na dishi la mstatili linalojigeuza kwa mota; ya kizazi cha tatu, inayokuja na dishi la kuegeshwa kwa mguu wake; na Mini, ambayo ruta yake imo ndani ya dishi.

Tuiweke wazi mapema: ya kizazi cha tatu inafaa, ya pili inafaa ikiwa huhitaji kebo, na Mini inataka hesabu ya mahali pa kuiweka. Zote tatu zina tabia zinazofanana, na hizo ndizo zinazosumbua.

Kwanza setilaiti tuiondoe kwenye kesi. Waraka unaoutuma kutoka kwenye simu haupandi angani. Unatoka kwenye simu, unafika kwenye ruta, unaingia kwenye printa, basi. Ukitaka kuhakikisha, chomoa kebo ya dishi nyuma ya ruta ya kizazi cha pili au cha tatu huku ruta ikiwa na umeme, kisha chapa ukurasa mmoja. Utatoka. Usipotoka, zima data ya laini kwenye simu ujaribu tena, kwa sababu simu nyingi zikiona waifai haina intaneti hukimbilia data ya laini na kuiacha printa peke yake upande wa pili.

Upungufu mkubwa wa ruta hizi kwa mtu wa printa ni kwamba hazina WPS, ile njia ya kubonyeza kitufe kwenye ruta na kingine kwenye printa ndani ya dakika mbili. Maelekezo ya printa nyingi zisizo na kioo huanza na njia hiyo, kwa hiyo mtu hubonyeza, husubiri, taa inamulika, hakuna kinachotokea. Usitafute kitufe hicho. Kilichopo kwenye ruta ya kizazi cha tatu ni cha kuirudisha kwenye hali ya kiwandani, na ukikibonyeza kwa kubahatisha utapoteza jina la mtandao na nenosiri, vifaa vyote vya nyumba vitoke. Tundu la USB la kuchomekea printa nalo halipo. Wala hakuna ukurasa wa mipangilio wa kufungua kwenye kivinjari kama ilivyo kwa ruta nyingine. Kila kitu hufanywa kwenye programu ya Starlink ya simu. Kwa aliyezoea ruta za kawaida, hili linaudhi, na haki yake.

Sasa njia iliyo rahisi kuliko zote, ambayo ajabu ni kwamba wachache huianza. Kama printa ilikuwa ikifanya kazi na ruta ya zamani, usiiguse printa. Ipe ruta ya Starlink jina lile lile la mtandao wa zamani na nenosiri lile lile. Herufi kubwa na ndogo zifuatwe, nafasi zifuatwe, nukta isizidi. Zima kabisa ruta ya zamani kwanza, la sivyo mitandao miwili yenye jina moja itagombania vifaa. Ukihifadhi mabadiliko ruta itakatika kwa muda mfupi, kisha printa, na pengine televisheni na kamera pia, zitajiunga zenyewe bila kujua kwamba mwenyeji amebadilika. Kwa Brother HL-L2350DW, ambayo nenosiri huingizwa kwa kupanda na kushuka herufi moja moja kwenye kijikioo cha mstari mmoja, njia hii inaokoa vidole.

Printa ikiwa mpya, au nenosiri la zamani likiwa limesahaulika, ndipo kazi inapoanza, na inaanza na bendi, yaani masafa ya mawimbi ya waifai. Ruta ya Starlink hurusha GHz 2.4 na GHz 5 kwa jina moja, na yenyewe huamua kifaa gani kikae wapi. Epson L3250 na Brother tuliyoitaja husikia GHz 2.4 peke yake. Printa kama hizo hazikatazwi na jina la pamoja, kwani zenyewe zinaiona 2.4 tu. Kinachoharibu ni hatua ya kuunganisha: simu inayofanya kazi ya ukungwi ipo kwenye GHz 5, programu ya printa inasoma mtandao wa simu, inajaribu kuipa printa maelezo yake, na baadhi ya programu hizo husimama hapo na kusema mtandao haukubaliki.

Dawa imo kwenye programu ya Starlink. Ingia kwenye mipangilio ya ruta, tafuta sehemu inayotenganisha GHz 2.4 na GHz 5, iwashe, na uzipe bendi majina mawili tofauti. Hifadhi. Unganisha simu kwenye jina la 2.4, ifanyie printa usajili wake, hakikisha imechapa ukurasa wa majaribio, kisha irudishe simu kwenye 5. Vifaa vya bendi hizo mbili vimo kwenye mtandao mmoja wa ndani, kwa hiyo simu iliyo kwenye 5 inaiona printa iliyo kwenye 2.4 bila shida. Hapa watu huogopa bure. Ukishamaliza unaweza kuziunganisha bendi tena, ila tu hakikisha jina la pamoja litakalobaki ndilo lile ulilompa printa. Ukilibadilisha, umerudi mwanzo.

Jambo la pili la kukagua ukiwa hapo hapo ni aina ya ulinzi. Chagua WPA2. WPA3 peke yake huzifungia nje printa za miaka ya nyuma, na mchanganyiko wa WPA2 na WPA3 ambao kinadharia ungezipokea zote huwatatiza baadhi: printa inaliona jina, inakubali nenosiri, halafu inaachia. Epson husaidia sana kwenye uchunguzi huu kwa sababu huchapa ripoti ya mtandao yenye namba ya kosa. E-5 maana yake ni ulinzi usiolingana, yaani nenda ukarekebishe WPA. E-2, E-3 na E-7 zinakupeleka kwenye jina, nenosiri, au ruta isiyosikika pale printa ilipo. Kwenye L3250 ripoti hiyo hutolewa kwa kitufe cha hali ya mtandao, bila kompyuta. Karatasi moja hiyo ina thamani kuliko nusu saa ya kuzima na kuwasha.

HP nazo zina mtego wao wa muda. Ukiwasha hali ya kuunganisha, kwa mfano kwa kushikilia kwa sekunde 5 kitufe cha waifai pamoja na cha kusitisha kwenye DeskJet za mfululizo wa 2700, printa hubaki wazi kwa saa 2 tu, kisha hujifunga na haionekani tena kwenye programu. Haijaharibika, rudia. Kwenye iPhone, kumbuka pia kuipa programu ya printa ruhusa ya kuona mtandao wa ndani. Ukiikatalia mara ya kwanza kwa haraka, kama tunavyokatalia kila kinachouliza, haitaiona printa hata ukiiweka juu yake, mpaka uingie kwenye mipangilio ya faragha na kuifungulia.

Kuunganisha ni nusu ya kazi. Malalamiko yanayofuata ni yale ya printa iliyochapa jana na leo kompyuta inasema haipo hewani. Ruta ya Starlink hujisasisha yenyewe, na baada ya sasisho hujiwasha upya. Printa iliyokuwa imelala inaweza kuamka ikiwa na anwani nyingine ya IP, yaani namba ambayo ruta hukipa kila kifaa, na Windows, iliyoikumbuka kwa anwani ya jana, inaipigia hodi kwenye nyumba tupu. Kabla ya lolote, zima printa, subiri sekunde 30, washa. Ikirudia kila wiki, fungua sifa za printa ndani ya Windows, nenda kwenye orodha ya porti, yaani njia ambazo Windows hupitishia kazi kwenda kwenye printa, na uangalie kama iliyotiwa alama inaanza na WSD. Ikiwa hivyo, ongeza mpya ya TCP/IP ya kawaida na uipe anwani iliyoandikwa kwenye ripoti ya printa. Angalia pia kama Windows imeiandika waifai mpya kuwa ya hadhara. Ikiwa hivyo inazuia utafutaji wa vifaa, igeuze iwe ya binafsi.

Bila shaka porti ya TCP/IP ina maana pale tu anwani isipohamahama. Mtandao wa ndani wa Starlink ni 192.168.1, ruta ikiwa 192.168.1.1, na anwani ya printa unaweza kuigandisha kutoka kwenye ukurasa wa printa yenyewe: andika anwani yake ya sasa kwenye kivinjari, ingia kwenye mipangilio ya mtandao, badilisha kutoka otomatiki kwenda kwa mkono, kinga ya mtandao (subnet mask) 255.255.255.0, lango (gateway) 192.168.1.1, na namba ya mwisho iwe ya juu, tuseme 240. Hatari yake ni kwamba ruta inaweza kuigawa namba hiyo hiyo kwa simu ya mgeni. Ndiyo maana kwa Mac, iPhone na Android tunapendelea kuiacha otomatiki: AirPrint ya Apple na huduma ya uchapaji ya Android huitafuta printa kwa jina, si kwa namba, na anwani ikihama hazijali. Kugandisha anwani ni dawa ya Windows, na ni dawa ya pili.

Kuna kosa jingine lisilo la printa wala la Starlink, bali la mpangilio. Mtu ana ruta yake nzuri ya zamani, anaichomeka nyuma ya ile ya Starlink, na zote mbili zinarusha waifai. Hapo nyumba ina mitandao miwili. Printa iko kwa Starlink, kompyuta iko kwa ruta ya pili, na matangazo ambayo printa hujitambulishia hayavuki ukuta huo. Zote mbili zikitumia 192.168.1 mambo huwa mabaya zaidi. Chagua mwenyeji mmoja: ama washa hali ya kuipita ruta ya Starlink (bypass mode), ambayo huzima waifai yake na kuiachia ruta yako kazi yote, ama igeuze ruta yako iwe kituo cha kurushia mawimbi tu. Mtandao wa wageni nao ni hivyo hivyo. Printa ikiwekwa huko, wenye nyumba hawaioni.

Kwa kebo, tofauti ya vizazi inaonekana. Ruta ya kizazi cha tatu ina matundu mawili ya kebo ya mtandao nyuma, chini ya kifuniko kinachobanduka, na printa yenye tundu la kebo ukiichomeka hapo habari ya bendi na nenosiri inakwisha. Kizazi cha pili hakina tundu hata moja bila adapta inayouzwa peke yake. Kwa printa ya ofisi ya nyumbani inayochapa kutwa, sababu hii pekee inatosha kukipendelea cha tatu.

Mini ina tundu moja, lakini ruta yake iko pale dishi lilipo, yaani nje, ikitazama mbingu. Waifai inabidi ipenye ukuta au bati ndipo imfikie printa. Starlink huitajia Mini eneo la hadi mita za mraba 112, dhidi ya 297 za kizazi cha tatu, na namba hizo hushuka penye vizuizi. Isogeze printa kwenye chumba chenye dirisha upande wa dishi, itenganishe na friji na maikrowevu, na uiache kwenye 2.4, inayopenya vizuri zaidi.

Mwisho ni onyo kwa anayenunua printa sasa. HP zilizosajiliwa kwenye mpango wa HP+, nyingi zikiwa na herufi e mwishoni mwa jina, zinataka intaneti muda wote na wino wa HP wenyewe. Kila tulichosema juu ya kuchapa kebo ya dishi ikiwa imechomolewa hakizihusu hizo: intaneti ikikatika kwa muda mrefu zinaweza kukataa kazi hata ruta ikiwa mezani jirani. Na kwa anayetaka kuchapa akiwa mbali, huduma ya kawaida ya Starlink haikupi anwani ya IP ya peke yako, kwa hiyo kufungua mlango kwenye ruta ili uifikie printa kutoka nje hakufanyi kazi. Tumia huduma ya mtengenezaji, kama Epson Connect, ambapo printa yenyewe ndiyo inayotoka kwenda kuchukua kazi.