Haidrenjia Sebuleni Dar es Salaam: Uzoefu Wangu wa Miaka Miwili

Mwezi Julai mwaka juzi nilinunua haidrenjia moja ya chungu kwa mmoja wa wauza miche wanaopanga bidhaa zao kandokando ya barabara hapa Dar es Salaam, kwa shilingi 45,000, ambazo kwa mmea wa ukubwa ule si fedha ndogo. Ulikuwa na vishada vitatu vya maua ya rangi ya waridi, kila kimoja kikubwa kama nazi iliyofuliwa, majani mapana yenye meno pembezoni, na chungu chake kilikuwa kimevishwa karatasi ya kung'aa na kufungwa utepe. Muuzaji aliniambia kwamba umetoka nyanda za juu, kisha akaongeza: “Huu ni mmea wa ndani, mama. Usiusumbue kwa maji, mara moja kwa wiki inatosha.” Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyonisukuma kuandika tathmini hii, kwa sababu yangekuwa ushauri mzuri kabisa kama ningekuwa nimenunua mshubiri.

Nitoe hukumu yangu mapema ili mwenye haraka asilazimike kusoma hadi mwisho. Kama pambo la sebuleni la wiki 6 hadi 8, haidrenjia naipa nyota 4 kati ya 5, maana sijaona ua jingine la chungu linalojaza chumba kwa namna ile kwa muda mrefu hivyo. Kama mmea wa kuishi nao ndani ya nyumba ya Pwani mwaka hadi mwaka, siwezi kuipa zaidi ya nyota 1, na kosa si la mmea.

Siku ya nne baada ya kuununua nilirudi kutoka kazini nikakuta vishada vyote vitatu vimelala juu ya ukingo wa chungu na majani yamenywea kama mchicha uliomwagiwa maji ya moto. Udongo ulikuwa umekauka hadi ukajikunja na kuachana na kuta za chungu, kwa hiyo maji niliyomimina yalipita pembeni moja kwa moja hadi chini bila kuigusa mizizi. Nilichofanya, baada ya kumpigia simu rafiki yangu mwenye bustani, ni kuuvua mmea ile karatasi, kukitumbukiza chungu kizima katika ndoo hadi maji yafunike udongo, na kukiacha humo kwa nusu saa hadi mapovu yalipokoma kupanda. Baada ya hapo nilikitoa, nikakiacha kichuje maji, nikakiweka kivulini. Kufikia saa 4 usiku majani yalikuwa yameinuka na vishada viwili vimesimama kama havijawahi kuanguka; cha tatu kilibaki na kingo za kahawia ambazo hazikupona.

Tangu siku hiyo nimeelewa kwamba kumtunza haidrenjia wa ndani ni kazi ya maji kwanza, na mengine yote yanafuata. Majani yake ni makubwa na laini, yanapoteza maji kwa kasi, ilhali mizizi imesongamana katika chungu chenye upana wa sentimita 15 hivi kisichoweza kuhifadhi akiba ya siku mbili. Mimi nilizoea kukiinua chungu kila asubuhi kabla ya kwenda kazini: kikiwa chepesi mkononi nakipa takriban nusu lita hadi maji yatokee kwenye matundu ya chini, kisha namwaga yaliyobaki kwenye kisahani. Katika joto la Februari ilinibidi kurudia kazi hiyo jioni. Wapo wanaosema kwamba jina lake, lililotokana na maneno ya Kigiriki ya maji na chombo, linahusu umbo la kitumba cha mbegu kinachofanana na mtungi mdogo, wala halihusu kiu. Maelezo hayo ndiyo sahihi, ila aliyeishi na mmea huu ndani ya nyumba atapata shida kuyakubali.

Hata hivyo, hofu ya kiu isikupeleke upande wa pili. Ile karatasi ya kung'aa haina matundu, na mtu akimwagilia bila kuivua, maji hutuama chini, mizizi hukosa hewa na kuoza, na mmea wenye mizizi iliyooza hunywea sawasawa na mmea wenye kiu. Ndiyo maana kila nilipouona umenywea nilitia kidole udongoni kwanza. Mara nyingi mnamo saa 8 mchana udongo ulikuwa bado na unyevu na majani yamelegea kwa joto tu. Nilipouacha bila kuugusa, ulijiinua wenyewe jua lilipopungua.

Kuhusu mahali pa kuuweka, nilikosea mara mbili. Kwanza niliuweka mezani katikati ya sebule, mahali pa kupendeza macho ya wageni lakini pasipo mwanga wa kutosha, na shina changa zikaanza kurefuka na kuinamia dirishani. Kisha nikausogeza mkabala na kiyoyozi nikidhani kwamba mmea wa nchi ya baridi utafurahia ubaridi, kumbe upepo ule mkavu ulikuwa ukiyanyonya majani maji kuliko jua lenyewe. Mahali palipofaa hatimaye ni kando ya dirisha la mashariki, ambapo ulipata jua la asubuhi hadi saa 4 na baada ya hapo mwanga mwingi usio na jua kali. Niliupandisha juu ya kigoda kirefu kwa sababu tuna paka, na sehemu zote za haidrenjia zina kemikali inayotoa sumu ya sianidi zikitafunwa. Mwenye watoto wanaotambaa azingatie jambo hili kabla ya kufikiria rangi.

Jambo ambalo hakuna aliyenidokeza ni aina ya maji. Jengo letu linatumia maji ya kisima yenye chumvi kidogo, yale yanayoacha ukoko mweupe ndani ya birika, na baada ya mwezi mmoja ukoko huohuo ulijitokeza juu ya udongo na kingo za majani zikaanza kuungua. Sikutaka kununua maji ya chupa kwa ajili ya ua, kwa hiyo nilianza kukinga maji yanayodondoka kutoka kwenye bomba la kiyoyozi, ambayo hayana chumvi wala chokaa kwa kuwa ni mvuke wa hewani uliogeuka maji. Kiyoyozi kimoja cha chumbani kilinipa lita kadhaa kwa usiku mmoja. Nilisafisha udongo kwa kuyapitisha maji hayo kwa wingi mara moja, na majani mapya yaliyofuata yalitoka safi. Mvua za vuli zilipoanza nilikinga na za paani pia.

Sasa nije kwenye rangi, ambayo ndiyo sababu ya wengi kuupenda mmea huu, na ambayo kwangu ilikuwa sura ya kuaibisha kidogo. Nilikuwa nimesoma kwamba haidrenjia ya waridi inaweza kugeuka buluu ikipata alumini, na kwamba alumini humfikia mmea pale tu udongo unapokuwa na uchachu, yaani pH ikiwa chini ya 5.5 hivi, ikipanda juu ya 6.5 alumini hunaswa udongoni na maua hubaki waridi. Maua meupe hayahusiki na mchezo huo. Kwa kuwa shabu ina alumini ndani yake, nilikwenda Kariakoo katika duka la dawa za asili, nikanunua kipande, nikakiponda, nikawa nayeyusha kijiko kimoja cha chai katika lita 4 za maji na kumwagilia mara moja kwa wiki. Wiki tatu zilipita bila hata doa la buluu. Kosa langu lilikuwa la wakati: maua yalikuwa yamekwisha kuchanua na kushika rangi, wakati shabu huhitajika majuma mengi kabla, matumba yanapokuwa yanajiunda. Kosa la pili ni kwamba wakati huo nilikuwa bado natumia maji ya kisima yenye chokaa, kwa hiyo nilichojenga kwa mkono mmoja nilikibomoa kwa mwingine.

Maua yenyewe, nilipoyaacha yafuate njia yake, yaligeuka polepole kutoka waridi hadi kijani chenye madoa mekundu, na hali hiyo niliipenda kuliko ile ya mwanzo. Yanadumu hivyo kwa sababu tunayoyaita petali kwa kweli ni sepali, vijani vigumu vinavyozunguka ua dogo lililo katikati, na vijani hivyo haviharakishi kupukutika. Kuanzia siku ya kununua hadi siku niliyovikata vishada mwishoni mwa Septemba zilikuwa zimepita wiki 11, ingawa nikiwa mkweli wiki 3 za mwisho yalikuwa mapambo ya mtu mwenye subira.

Nilikata kila shina juu ya jozi ya pili ya majani kutoka kwenye ua, mara tu baada ya maua kwisha kama inavyotakiwa, kwa kuwa matumba ya msimu ujao hujiunda kwenye ncha za shina zinazokua sasa, na anayepogoa kwa kuchelewa hukata maua ya mwaka unaofuata bila kujua. Nikauhamishia mmea chungu kikubwa zaidi, chenye udongo mwekundu uliochanganywa na mboji, na ukaitikia kwa majani mengi mazuri. Kisha nikangoja. Desemba, hakuna tumba. Februari, joto la kaskazi likaleta utitiri: majani yalipauka kwa vidoa vidogo vya fedha na chini yake kulikuwa na utando mwembamba kama wa buibui. Niliuosha bafuni kila siku ya tatu kwa maji ya bomba yenye nguvu, hasa upande wa chini wa majani, na baada ya wiki mbili wadudu walikwisha. Maua hayakuja.

Baadaye nilifahamu kwamba yasingekuja hata kama ningeukeshea. Haidrenjia ya aina hii asili yake ni Japani, na ili iunde matumba huhitaji majuma 6 au zaidi ya ubaridi wa chini ya nyuzi 18 hivi. Wakulima wanaoiandaa kwa ajili ya kuuza huihifadhi baada ya hapo katika vyumba vya baridi, kwenye nyuzi 5 au zaidi kidogo, kwa majuma mengine 6 au 8, ndipo huirudisha kwenye joto ichanue. Usiku wa Dar es Salaam, hata katika kipupwe cha Julai, kwa kawaida hauteremki kufika huko. Mmea niliouziwa ulikuwa umebeba ubaridi wa mahali pengine ndani ya matumba yake, na akiba hiyo ilipokwisha sebule yangu haikuwa na namna ya kuirudisha. Hapo ndipo maneno “mmea wa ndani” yanapompotosha mnunuzi wa Pwani.

Mwezi Aprili niliufunga kwa kanga kuukuu, nikapanda nao basi la Lushoto, na kuanzia Mombo, ambako barabara inaanza kupanda milima ya Usambara kwa kona zisizoisha, niliupakata kama mtoto. Shangazi yangu anaishi huko, kwenye mwinuko wa takriban mita 1,400. Alipoufungua alicheka. “Mwanangu, hili ua huku tunalipanda uani. Ninyi mnalifungia chumbani?” Akachimba shimo upande wa mashariki wa nyumba, karibu na mahali maji ya paa yanapodondokea, akatia samadi iliyooza vizuri, na sidhani kama aliuangalia tena zaidi ya kupita karibu nao akienda jikoni. Novemba alinitumia picha kwa simu: vishada viwili, vya buluu ya wino. Ule ule mmea wa waridi nilioupa shabu bila mafanikio ulikuwa umeipata alumini yake bure katika udongo mchachu wa milimani.

Juni mwaka huu nilinunua mwingine. Safari hii nilichagua wenye vishada ambavyo theluthi moja tu ya maua yake imefunguka, nikageuza majani kuangalia chini, nikainua chungu kukipima uzito, na nikamwomba muuzaji auvue karatasi mbele yangu nione kama hakuna maji yaliyotuama. Alishangaa kidogo, lakini tukapatana kwa shilingi 38,000. Aliponiambia kwamba maji ni mara moja kwa wiki, nilimweleza, kwa adabu, kisa cha mmea wangu wa kwanza, naye akasema atawaambia wateja wake wengine. Sijui kama alifanya hivyo. Sasa mmea uko katika wiki yake ya 7 kando ya dirisha lile lile, unakunywa maji ya kiyoyozi kila asubuhi, na kishada kimoja kimeanza kugeuka kijani. Shangazi amekwisha kuniuliza nitakuja nao kwa basi la siku gani.