Besi iliyoshiba kama ya valvu, bila kubeba amplifaya ya valvu

Mambo vipi wadau, karibuni tena. Leo salamu fupi, maana nimekaa wiki tatu nzima na hiki kiboksi cha kukanyaga kwa mguu, SansAmp Bass Driver DI, kinachoiga sauti ya amplifaya ya valvu, na nina maneno mengi kifuani. Kama unapiga besi, iwe kanisani, iwe kwenye dansi, iwe taarab, kaa hapo hapo. Kama hupigi lakini una ndugu anayepiga, mwite.

Kuna swali mnaniuliza kila wiki kwenye komenti: "Kaka, zile rekodi za Radio Tanzania, za bendi za Sikinde na Msondo, mbona besi imeshiba vile, halafu sisi amplifaya zetu mpya zinatoa sauti ya ndoo ya plastiki?" Swali zuri sana. Jibu la haraka ni valvu, ile taa ya kioo inayokuza sauti ndani ya amplifaya za zamani. Ila tusiipe valvu sifa zote. Zile nyimbo zilirekodiwa kwenye tepu, na tepu nayo inalainisha vilele vya sauti. Mkono wa mpigaji nao una sehemu yake.

Ila valvu ina kazi yake kweli. Amplifaya ya transista, kama hizi zetu mpya, ukiizidishia sauti inakata kilele cha wimbi ghafla, kama panga. Valvu inakibonyeza polepole, kama kiganja kinavyobonyeza unga wa chapati. Na pale inapobonyeza inaongeza sauti nyingine juu ya ile uliyopiga. Piga waya wa E mtupu: ule ni mtikisiko wa 41 kwa sekunde. Valvu inakuongezea 82, inakuongezea 123. Sasa spika nyingi za kumbi zetu hapa Dar hiyo 41 hazitoi vizuri, lakini 82 na 123 zinatoa, na sikio likizisikia hizo linajaza lenyewe ile ya chini. Ndiyo maana besi iliyoshiba unaisikia hata kwenye simu. Kwa hiyo ndugu zangu mnaozungusha nobu ya Besi mpaka mwisho mkitafuta joto, yaani ule mshibo wa sauti, acheni. Joto haliko chini kabisa. Liko juu kidogo ya pale.

Kila mtu anaijua Ampeg SVT. Ilitoka 1969, wati 300, kichwa chake peke yake ni zaidi ya kilo 35, halafu unaongezea kabineti ya spika nane za inchi 10. Naipenda sauti ile kuliko kitu chochote. Lakini wewe niambie, utaipakia kwenye bajaji ipi kutoka Mbagala kwenda kupiga Sinza? Halafu nyingi za mtumba zinazotoka Marekani ni za volti 120, sisi hapa ni 230. Kuna kanisa niliwahi kupiga, mtu mmoja aliichomeka ya Marekani ukutani moja kwa moja bila transfoma. Moshi ulitoka kabla hatujamaliza kufunga nyuzi. Niliumia, maana ilikuwa amplifaya nzuri. Na ukibahatika kupata ya valvu, usiiwashe kamwe bila kuunganisha spika, unaunguza transfoma yake ya kutolea sauti. Na usiifungue mwenyewe, mle ndani kuna volti mamia.

Haya. Kiboksi chenyewe ni hiki hapa, SansAmp Bass Driver DI, ya kampuni ya Tech 21 ya Marekani. Ndani hakuna valvu hata moja. Ni transista zilizopangwa ziige tabia ya amplifaya ya valvu pamoja na spika yake. Mambo ya jeki za kuingilia na kutokea mnayajua, siyarudii. Hii ni ile ya zamani, toleo la kwanza, niliinunua kwa mpiga besi mwenzangu kwa laki nne. Pesa nyingi, najua, nitairudia hiyo.

Kwanza sikilizeni bila kiboksi. Besi yangu ya nyuzi nne, haina betri, amplifaya ya transista ya wati 100, spika moja ya inchi 15.

Umesikia? Safi, lakini kavu. Noti inaanza na kuisha hapo hapo, haina nyama katikati.

Sasa nawasha. Nobu zote ziko katikati, kama mtu anavyofanya siku ya kwanza. Sikiliza.

Kubwa, sivyo? Chumbani inakuvutia. Nami siku ya kwanza nilifurahi sana, nikaenda nayo mazoezini Kinondoni, na bendi ilipoanza besi yangu ikapotea. Kabisa. Nikaongeza sauti, ikawa inavuma tu chini na kukwaruza juu. Sababu ni kwamba hiki kiboksi, ukiacha nobu katikati, kinachimba shimo kwenye sauti za kati, na sauti za kati ndizo zinazokutambulisha mbele ya magita mawili na kinanda. Na toleo hili halina nobu ya kati! Linanikera hilo mpaka leo. Toleo la pili wameiweka, kwa hiyo mwenye uwezo achukue hilo.

Dawa yake ni hii. Nikisema namba, nasema namba zilizochorwa kwenye saa ya ukutani, tusichanganyane. Besi rudisha mpaka namba 10. Trebo rudisha mpaka namba 10. Halafu Levo ipandishe kufidia. Ukishusha chini na juu, katikati imebaki imesimama yenyewe. Sikiliza sasa.

Ehee! Hiyo ndiyo besi. Hata kukera kwangu kumepungua, nakiri.

Sasa njooni karibu, kamera nayo isogee. Hii nobu hapa, Blendi. Hii ndiyo iliyonifanya nirekodi video hii. Inachanganya sauti mbili: ile halisi inayotoka kwenye besi yako, na ile iliyopita kwenye mtambo wa kuiga valvu. Naipeleka kushoto mwisho. Sasa hivi Draivu, nobu ya kuongeza mkwaruzo, na Presensi, ya kung'arisha sauti za juu, hata nikizizungusha hazifanyi kitu, unasikia besi yako tu. Naipeleka kulia mwisho, sauti halisi imetoka, imebaki ya mtambo peke yake.

Sikiliza kulia mwisho, napiga taratibu, rumba.

Tamu. Noti inavutika, inakaa. Sasa sikiliza hapo hapo kulia mwisho, napiga sebene, mkono wa haraka.

Umeona tatizo? Vidole vimepotea. Noti zinashikana kama ugali mlaini, mpiga tumba hakusikii unapoangukia. Mtambo umebonyeza kila kilele, na kwenye sebene kile kilele ndicho kinachomwambia mchezaji mguu uende wapi. Narudisha Blendi taratibu. Namba 4... namba 3... bado... namba 2.

Hapo! Sikiliza tena. Sauti halisi inakupa mguso wa kidole, sauti ya mtambo inakupa nyama. Huwezi kupata hivi kwa nobu ya Draivu peke yake, kwa sababu Draivu inachafua noti yote kwa pamoja. Hapa noti safi ipo, na chini yake pana joto. Draivu yangu iko namba 10 tu, kidogo mno. Ukipiga kwa upole haisikiki, ukigonga kwa nguvu inanguruma kidogo, na hiyo ndiyo tabia ya valvu yenyewe: inajibu mkono wako. Nimefanya hivi kila usiku wiki tatu, mke wangu ananiuliza kama wimbo huu hauna mwisho.

Jambo lingine: hiki kiboksi kinaiga na spika pia. Kwa hiyo ukikiingiza kwenye amplifaya yenye spika yake, unakuwa umepita kwenye spika mara mbili, sauti inakuwa nzito ya kiza. Hapo Blendi ipunguze. Lakini ukienda moja kwa moja kwenye miksa, kama kumbi nyingi za hapa mjini tunavyofanya, ipandishe. Na umwombe fundi mitambo awashe ile volti 48 ya miksa, kiboksi kitapata umeme humo humo kwenye waya wa maiki, huhitaji betri. Mwombe pia kwa heshima asikuongezee besi nyingine kwenye miksa.

Na kama kabineti yako ina twita, ile spika ndogo ya juu, izime. Leo hii, bure. Kabineti za zamani za valvu hazikuwa na twita. Kuna watu wanatafuta joto miezi sita, na kinachowaharibia ni twita inayopiga kelele ya nyuzi.

Washindani, kwa haraka. Behringer wana BDI21, nobu zile zile, mpangilio ule ule mpaka Blendi, ila gamba ni la plastiki na bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na hii. Nilianza wiki hizi nikisema kaeni mbali nayo. Nimeipiga ya kijana mmoja wa Tabata na nimebadilika. Ndani ya bendi tofauti ni ndogo. Kama ndio unaanza, au laki nne hiyo ni ya kodi ya nyumba, chukua ile, usikanyage kwa nguvu. Kwa anayepiga kila wikiendi na kutupia vyombo nyuma ya pikapu, chuma ni chuma, bado nasimama na hii.

Ninachowaonya ni vile viboksi vya bei rahisi vyenye kidirisha na valvu inayong'aa. Valvu ya aina ya 12AX7, ile ndogo inayowekwa humo, inataka volti mia mbili na zaidi ifanye kazi ilivyokusudiwa. Baadhi ya vile vinailisha volti chache mno, na vingine vimewekewa taa ya rangi ya chungwa nyuma ili ionekane inawaka. Usinunue mwanga.

Tangazo: video ya nyuzi bapa, zile za besi zilizozungushiwa utepe laini badala ya waya wa mviringo, inakuja Jumatano, nimeshapata seti. James Jamerson, mpiga besi wa Motown, kampuni ya rekodi ya Marekani, alitumia nyuzi bapa, akapiga kwa kidole kimoja cha shahada, na studio besi yake iliingizwa moja kwa moja kwenye mitambo, bila kuhitaji amplifaya. Kwa hiyo Jumatano tutajaribu joto bila kiboksi chochote. Kipindi cha moja kwa moja kimehamia Jumapili saa mbili usiku, msinisubiri Jumamosi. Bonyezeni kengele, tunaongezeka.

Sasa nawaachia hii, nimeirekodi jana mazoezini na bendi nzima. Dakika mbili. Anzeni kuisikiliza kwenye simu, bila spika ya nje. Blendi iko namba 2, twita imezimwa. Ikifika sebene, msikilize mpiga tumba anavyonifuata.