Pakiti ya viungo vya pilau Darajani: iliki safi, bizari imechoka
Pakiti hizi za viungo vizima wanazouziwa wageni Darajani, Unguja, zinafaa, ila vilivyomo havilingani nguvu. Iliki ni safi: ganda la kijani limefumba, na ukilipasua punje ni nyeusi, zinanata kidogo. Bizari nyembamba ndiyo imechoka. Isugue kiganjani, isiponukia hata ikipashwa kikaangoni, mafuta yake yamekwisha, nunua nyingine ya kupima. Kilo moja ya mchele yatosha iliki 8, karafuu 6 na kijiti cha mdalasini. Karafuu zikizidi, pilau huwa chungu na ulimi hufa ganzi. Vya unga vilivyoanikwa juani ndani ya mifuko angavu, viacheni hapo hapo.