Faili 34 za babu, kitabu kimoja: nimeijaribu AudioBookConverter

Habari zenu wadau, karibuni tena. Niko hapa Mwanjelwa, na baridi ya Mbeya mnaijua, kwa hiyo mkiniona nimejifunika mpaka shingoni msinicheke.

Likizo iliyopita nilikaa na babu Tukuyu, nikamrekodi akisimulia ujana wake: kuchuma chai, kutembea kwa miguu mpaka Kyela, mambo mengi. Nikaondoka na faili 34 za MP3, kama saa tisa hivi. Nyingine unasikia mvua inavyopiga bati, tamu kweli. Nikapanda basi la Dar, zaidi ya kilomita 800, nikajua leo namaliza. Wapi! Simu ikiingia, nikirudi naanza faili upya. Nikasinzia Makambako, kushtuka tuko Kitonga, babu keshaoa na sijui alimpataje huyo bibi.

Dawa yake ni faili moja ya M4B. Ndani yake ni sauti iliyobanwa kwa mtindo wa AAC, ule ule wa faili za muziki za M4A, ila programu ya kusikilizia ikiona hiyo "b" inajua hiki ni kitabu: inakumbuka ulipoishia. Na sura zake unazirukia moja moja.

Sasa AudioBookConverter, programu ya kuunganisha faili za sauti ziwe kitabu kimoja. Mimi naitumia kwenye Windows. Msimbo wake uko wazi GitHub, tovuti ya kuwekea misimbo ya programu, na kazi nzito ya sauti inafanywa na FFmpeg, programu ya kugeuza sauti na video. Unaburuta faili zako, unaandika jina la kitabu, unaweka picha ya jalada (nimemweka babu na kofia yake), unairuhusu ianze. Basi. Hakuna kuandika amri, tofauti na m4b-tool, programu nyingine ya kazi hii, ambayo ni nzuri lakini ni ya wale waliozoea kile kidirisha cheusi cha kuandikia amri.

Hapa naomba mnisikilize vizuri, maana ndipo nilipoumia. Programu ya kwanza niliyojaribu, siitaji, ilipanga faili kwa herufi. Mimi nilizipa majina 1, 2, 3 mpaka 34. Kwa programu ya namna hiyo, baada ya 1 inakuja 10, halafu 11, na 2 inasubiri huko nyuma. Babu akazeeka kabla ya kwenda shule! Kosa langu. Andika 01, 02, 03. Zikifika mia, 001. Na kabla hujaanza kuunganisha, pitia orodha kwa macho, programu yoyote ile.

Jambo la pili, ubora. Mtu mmoja anaongea, huhitaji makubwa. Kwa kilobiti 64 kwa sekunde, chaneli moja, saa moja inakula kama MB 29. Saa tisa zangu zimetoka kama MB 260. Ukipandisha mpaka 128 unazidisha mara mbili, na sikio langu halijaona tofauti. Ila jueni MP3 ikigeuzwa AAC inabanwa mara ya pili, kuna kitu kidogo kinapotea, kwa hiyo faili za mwanzo msizifute. Mimi nimeziweka kwenye flashi, na flashi nimempa dada.

Kusikiliza: wenye iPhone, Apple Books inaifungua. Android mimi natumia programu iitwayo Voice, haina makeke.

Je, naipendekeza? Kwa mwenye kompyuta na simu janja, ndiyo, bila kusita. Lakini nilipompelekea babu kitabu chake, nikamkuta na kiredio chake cha kuchomeka memori kadi. Nikachomeka, kimya. Hicho kinajua MP3 tu. Akaniuliza, "Sasa mjukuu wangu, mimi mwenyewe nisijisikie?" Nikamrudishia zile 34, safari hii zikianza na 01. Sasa hivi majirani wanakuja jioni, na yeye anaisimamisha redio kila dakika kuwasahihisha.