Vifaa vya kuzimia moto wa msituni: kikundi chenye fedha kidogo kinunue nini kwanza

Masika yakikatika, nyasi za Mufindi na Njombe hazichukui muda kugeuka rangi. Hapo ndipo vikundi vya wapanda miti vinapoanza kuulizana nani ana bomba na nani ana buti. Wakati huo mmeshachelewa. Oda ifungwe Aprili, ikizidi sana Mei, kwa sababu vitu vingine hutoka Dar es Salaam, na vikifika na kasoro mnahitaji muda wa kuvirudisha kabla Julai haijaingia. Najua Mei mahindi bado yako shambani na mfuko wa kikundi unalia. Ndiyo maana nimevipanga vifaa kwa foleni: vya mbele mnunue hata kama mchango ni wa kuungaunga, vya nyuma vinaweza kusubiri mwakani.

Ninaandika kwa ajili ya kikosi cha kijiji cha watu kumi hadi kumi na watano wanaolinda misindano (paini) na milingoti (mikaratusi) yao wenyewe, iwe Mufindi, Kilolo, Makete, Njombe au upande wa Rungwe. Shamba la Sao Hill lina Wakala wa Huduma za Misitu, na kampuni kubwa zina magari na watu wa zamu. Ninyi mna watu, pikipiki mbili tatu, na bonde ambalo gari halishuki.

Kosa ninaloliona kila msimu ni kuanza na kitu kinachopendeza kwenye picha: pampu ya injini. Kwenye foleni yangu pampu ni ya tano.

Nafasi ya kwanza: nguo na buti

Moto wa nyasi hupigwa na mtu aliye hatua mbili kutoka kwenye ndimi zake. Anachovaa ndicho kifaa cha kwanza, na hapa ndipo tunapouziwa mbuzi kwenye gunia. Nailoni na poliesta zikipata moto huyeyuka, na kile kinachoyeyuka hugandia ngozi na kuendelea kuichoma. Pamba nzito huungua pia, lakini haiyeyuki, na inakupa nafasi ya kurudi nyuma na kujipukuta. Sufu ni bora zaidi, ila ni nzito na ghali.

Ovaroli maalumu za wazima moto wa msituni, zile za aramidi, kitambaa kisichoyeyuka motoni, zipo. Kama kuna mfadhili, mwombeni hizo. Kama hakuna, ovaroli ya pamba tupu kutoka mitumba inafaa, mradi muijaribu. Usitegemee maneno. Pale soko la Mwanjelwa, Mbeya, muuzaji atakwambia, "Kaka, hii kotoni, ya Mjerumani kabisa," na huenda hata yeye anaamini hivyo. Mwombe ukingo wa ndani ya pindo, uchomoe uzi mmoja wa kitambaa chenyewe. Usichomoe uzi wa mshono, kwa sababu nguo ya pamba safi inaweza kuwa imeshonwa kwa poliesta, na hapo utaikataa nguo nzuri bure. Shika uzi kwa kibano au kwa ncha ya kisu, sogea mbali na rundo la nguo, washa kiberiti. Pamba huwaka harakaharaka, hunuka karatasi, huacha jivu laini linalosagika kidoleni. Poliesta hujikunja ikiukimbia moto, hutoa moshi wenye harufu ya plastiki, na mwisho inabaki shanga ndogo nyeusi, ngumu, ambayo huwezi kuisaga. Sufu hunuka nywele zilizoungua na hujizima ukiondoa kiberiti.

Ukiona jivu na shanga kwa pamoja, huo ni mchanganyiko. Ovaroli nyingi za gereji ni poliesta 65 na pamba 35. Kwa fundi magari hazina neno. Kwa moto, ziache.

Jaribio hilohilo lifanyike kwa masweta. Makete na Njombe asubuhi za Julai zina baridi ya kuuma, na mtu akiitwa motoni alfajiri huondoka na sweta alilolalia. Masweta mengi ya mitumba yanayoitwa sufu ni akriliki, nayo ni plastiki tu. Jinzi zinazovutika nazo ni hivyohivyo. Halafu kuna vile vizibao vya kuakisi mwanga, vyenye nembo kubwa mgongoni, vinavyogawiwa kwenye semina na watu kupiga navyo picha. Karibu vyote ni poliesta nyepesi yenye matundu. Vitumieni kusimamisha malori barabarani usiku, msiviingize motoni.

Buti: ngozi, za kamba, zinazopanda juu ya kifundo cha mguu kwa kiasi cha sentimita 20, soli iliyoshonwa. Soli ya gundi peke yake ikikanyaga majivu ya moto inaweza kubanduka. Kwenye buti za usalama kazini tafuteni herufi HRO chini ya soli au kwenye ulimi. Maana yake soli imepimwa kugusa kitu chenye nyuzi 300 za Selsiasi kwa dakika moja. Chuma cha vidoleni si lazima, na ukisimama muda mrefu kwenye majivu chuma hicho hushika joto. Gambuti, hapana. Zinalainika, hazikamati mlimani, na hazina kamba ya kuzibana mguuni.

Glavu ziwe za ngozi, zifunike kiganja hadi mkononi. Za mchomeleaji zinafaa ingawa ni ngumu kidogo kukunja vidole. Kofia ngumu iwe na mkanda wa kidevuni, na geuzeni ndani muone muhuri wa mviringo wenye mshale unaoonyesha mwaka na mwezi wa kutengenezwa. Plastiki iliyoanikwa juani dukani kwa miaka hupasuka kirahisi hata ikionekana mpya. Miwani ya kuziba macho pande zote, moja kwa kila mtu. Puani na mdomoni, kitambaa kikavu cha pamba. Watu hupenda kukilowesha, lakini hewa ya moto yenye unyevu huchoma koo vibaya kuliko iliyo kavu. Barakoa za kawaida ni plastiki, na hata zile nzuri huchuja chembe tu: hewa ya sumu ya moshi, ile ya kaboni monoksidi, hupita kama kawaida.

Nafasi ya pili: vya mkononi

Hapa fedha ndogo hufanya kazi kubwa, na sehemu nzuri inaweza kutoka kwa fundi wa kuchomelea palepale Mafinga au Makambako.

Kipiga moto ni mti wa mita mbili hivi wenye kipande cha mpira mzito mbele, kama sentimita 30 kwa 40. Mpira mzuri kuliko yote ni mkanda wa mashine uliochakaa, wenye nyuzi za turubai ndani. Ulizieni kwenye viwanda vya mbao na vya chai. Tyubu ya tairi ni nyepesi mno na inashika moto. Mpini uwe wa mti mgumu uliokauka, mstari wa mbao uende moja kwa moja bila fundo. Mpini wa msindano utakuvunjikia siku unayouhitaji. Boliti zipite kwenye bati pande zote mbili za mpira, la sivyo mpira utachanika kwenye tundu. Msiagize kabla ya kuujaribu mmoja: kitendo sahihi ni kubonyeza na kuburuta ukingo wa moto kuelekea palikoungua, na kama mpira ni mgumu hadi unadunda, utarusha cheche nyuma yenu. Matawi mabichi tuliyozoea yanasaidia kwa dharura, isipokuwa ya msindano na mlingoti. Moja lina utomvu, jingine lina mafuta.

Cha pili hapa ni reki-jembe: upande mmoja meno sita mazito, upande wa pili bapa la jembe lenye makali. Wamarekani wana kifaa cha namna hii tangu 1905, wanakiita McLeod. Kwenye msitu wa misindano hakina mpinzani, maana kazi yenyewe ni kukokota sindano zilizojazana chini na kukata mizizi mpaka udongo mtupu uonekane. Fundi akitumia springi ya gari kwa upande wa bapa, kitadumu. Reki za bustani zinazouzwa kwa bei ya kutupa hujikunja meno siku ya kwanza. Kifaa kingine cha Marekani chenye jina kubwa, Pulaski, ni shoka na kijembe kwenye mpini mmoja. Kilipewa jina la Ed Pulaski, mlinzi wa misitu wa Idaho aliyewaokoa wengi wa kikosi chake kwenye moto mkubwa wa 1910 kwa kuwaingiza kwenye handaki la mgodi. Hadithi nzuri, lakini ninyi mna panga na jembe tayari, kwa hiyo msitumie hela huko.

Ongezeni mabeleshi mawili ya kurusha udongo na mafyekeo ambayo wanachama wanayo. Kwa watu kumi na wawili ningegawa hivi: vipiga moto vitano, reki-jembe tatu, mabeleshi mawili, mabomba mawili. Kiongozi abaki na panga, filimbi na macho yake, lakini hatutamhesabu kati ya wapigaji: anayezungusha kipiga moto haoni upepo unapogeuka. Kwa hiyo kifaa kimoja kinabaki akiba.

Nafasi ya tatu: maji ya kunywa na huduma ya kwanza

Wengi hawavihesabu kama vifaa, ndiyo maana husahaulika. Mtu anayepiga moto juani anahitaji kama lita moja kwa saa. Watu kumi na wawili kwa saa sita ni lita 72, yaani madumu manne ya lita 20, mapya, yasiyowahi kubeba petroli wala dawa. Wekeni na pakiti za chumvichumvi za kurudisha maji mwilini. Kwenye sanduku la huduma ya kwanza ziwepo shashi safi, bandeji na maji ya kuosha macho. Aliyeungua amwagiwe maji safi ya baridi kwa dakika 20, na dawa ya meno ibaki bafuni. Filimbi kwa kila mtu ni hela ndogo sana, na bondeni kusiko na mtandao zinashinda simu. Redio za mkononi ni nzuri, ila zina taratibu za leseni za TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano, kamalizaneni nao kabla ya kulipa.

Nafasi ya nne: bomba la mgongoni

Mashindano hapa ni kati ya bomba la kupulizia dawa shambani, la lita 16 au 20 lenye mkono wa kupampu, na bomba la kusukuma na kuvuta lililotengenezwa kwa ajili ya moto, ambalo mara nyingi huja kama mfuko wa lita 19 au 20. La moto hurusha mkondo mmoja mita kadhaa, na mfuko wake ukiwa mtupu unakunjwa na kufungwa kwenye pikipiki. Kwa kazi lenyewe ndilo bora. Hata hivyo kwa kikundi cha kijijini naliweka la pili. Sababu ni raba: washa ya shilingi chache ikikatika, la shambani unalipatia spea kwenye duka lolote la pembejeo, kwa kuwa wakulima wa viazi na nyanya wote wanalitumia. La moto utaagiza Dar na kusubiri.

Mkichagua la shambani, nunueni jipya na liandikwe MOTO TU, lisije likaingia kwenye dawa ya magugu. Nozeli ya ukungu itolewe, iwekwe ya mkondo, kwani matone madogo hukaukia hewani kabla hayajafika. Mkanda wa begani uwe mpana, kwa maana lita 20 ni kilo 20 bila kuhesabu bomba lenyewe. Hapohapo dukani lijazeni maji hadi juu, mlivae, mlipampu mpaka ligome, kisha mwiname kama mnafunga kamba ya kiatu. Mgongo ukilowa, rudisheni.

Kuna na suala la povu. Maji matupu juu ya sindano kavu za msindano huteleza kama juu ya kanga mpya. Povu la daraja A, yaani dawa ya moto wa nyasi na mbao inayoyasaidia maji kupenya, huchanganywa na maji kwa kati ya asilimia 0.1 na 1. Kwa asilimia 0.5, bomba la lita 20 linachukua mililita 100. Dumu dogo moja linatosha msimu.

Nafasi ya tano: pampu ya injini na tangi

Sasa ndiyo zamu yake. Tangi la lita 1,000 kwenye pikapu ni tani moja kabla hamjapakia pampu wala watu, na likiwa nusu maji hucheza na kulivuta gari kwenye kona. Lita 500 zinawatosha, na lifungwe kwa mikanda ya kweli badala ya kamba za katani. Kwenye pampu msiangalie lita kwa dakika peke yake. Someni kimo cha kusukuma. Pampu nyingi za kumwagilia za inchi mbili huishia karibu mita 30, na kila mita 10 za mlima humeza baa moja ya msukumo, kwa hiyo kwenye miteremko ya Kilolo maji yatafika juu yakichuruzika. Itakiwayo ni ya msukumo mkubwa. Kabla ya kununua mipira, nendeni kituo cha Zimamoto au kwa jirani mwenye shamba kubwa mkaone viunganishi vyao, mchukue vya aina hiyohiyo. Siku ya moto mtaungana nao, msije mkashindwa kuunganisha mipira.

Kipulizia majani cha mgongoni, msumeno wa mnyororo na tochi ya kudondosha moto ni vya mwisho kabisa. Vya kwanza viwili vinataka mtu aliyefunzwa na mafuta ya uhakika. Tochi hutumika kuchoma mapema barabara za moto, yaani mikanda ya kuzuia moto usivuke, kazi inayohitaji kibali na msimamizi, kwa hiyo iazimeni pamoja na mtaalamu wake.

Kwenye kulipa

Chukueni profoma kwa wauzaji watatu, lakini msilinganishe bei kabla hamjashika sampuli. Andikeni saizi za buti na ovaroli za watu halisi. "Saizi mchanganyiko" huleta namba 44 kwa kijiji cha namba 41. Risiti ya EFD ibaki kwa mhazini. Vifaa vikae stoo isiyonyeshewa, mabomba yakiwa matupu na vifuniko wazi ili raba zisigandane, na funguo ziwe mbili: moja kwa mwenyekiti, nyingine kwa mtu anayelala karibu na stoo, hata kama si kiongozi wa chochote.